Jina la Ng'ombe, Cheti cha Nairobi

Kitengela haikuwa Kitengela. Wenyeji wa zamani wa upande huu wa Kajiado waliijua kama Noonkopir, kituo kidogo cha maduka kando ya barabara ya kwenda Namanga, na Kitengela lilikuwa jina la mbuga na la mto. Mji ulipofura ukajaa ploti, vyumba vya kupanga, hadiweya na bucha, jina la mbuga likaumeza mji. Sensa ya 2019 ilikuta zaidi ya watu 150,000 wakiishi hapa, na wengi wao hawajui kwamba jina wanalolitaja kila siku kwa kondakta ni jina la pili. Noonkopir imebaki kwenye vibao vya shule na midomoni mwa waliokuwapo. Kajiado nayo ni Olkejuado, mto mrefu kwa Kimaasai, iliyopindwa na ndimi na kalamu za wageni mpaka ikakaa ilivyo leo. Hakuna aliyeshtakiwa kwa hayo.

Majina ya vyakula hayahami kwa upole namna hiyo.

Kuna mama ninayenunua kwake maziwa lala. Amekuwa akiyauza hapa Noonkopir, naye bado huita hivyo, tangu kabla M-Pesa haijazaliwa, na M-Pesa ilizaliwa Machi 2007. Alianza na mtungi na kikombe cha kupimia. Baadaye akahamia chupa za nusu lita, akazibandika stika iliyochapishwa katika vichochoro vya River Road, Nairobi, yenye jina la ng'ombe wake wa kwanza. Jina hilo silitaji. Bado halina kesi, lakini linaweza kuipata siku ambayo mtu mmoja tu ataamka vibaya. Mwanawe aliingia supamaketi moja akaliona jina lile lile la ng'ombe kwenye pakiti ya maziwa ya kampuni asiyoijua, na pembeni mwake ile herufi R iliyofungiwa ndani ya duara.

"Ng'ombe alikuwa wangu," mama aliniambia. "Wao wamelijuaje jina lake?"

Hawakulijua. Ni jina zuri la Kimaasai, na mtu yeyote anayetafuta jina zuri la kuuzia maziwa atalifikia mapema. Ila swali lake la pili lilinitoa kibandani na kunipeleka kwenye sheria. Kati yake na wao, aliuliza, mwizi ni nani?

Jibu la mtaani ni kwamba mwenye karatasi ndiye mwenye jina. Basi mama akatoa karatasi, na kusema kweli anazo nyingi kuliko baadhi ya wenye magorofa. Ana kibali cha biashara cha Kaunti ya Kajiado. Ana cheti cha jina la biashara, kilichopatikana kupitia eCitizen. Ana leseni ya Bodi ya Maziwa ya Kenya, na mwanawe anahangaikia alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango. Zote zimewekwa kwenye bahasha ya kaki, zimefungwa kwa raba.

Katika bahasha nzima hamna karatasi hata moja inayosema kwamba jina la ng'ombe ni lake. Kibali cha kaunti kinasema amelipa na anaruhusiwa kufungua mlango. Cheti cha jina la biashara kinasema serikali inamjua aliye nyuma ya jina hilo, ili akidaiwa asipotelee gizani. Bodi ya Maziwa na KEBS wanajali kama kilichomo ndani ya chupa kinanyweka. Daftari la alama za biashara liko kwingine kabisa, kwa msajili katika Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, ambayo wote huiita KIPI, na ambayo ilianzishwa chini ya sheria ya mwaka 2001. Mtu anaweza kulipa kibali cha kaunti miaka 20 mfululizo na asiwahi kusikia kwamba daftari hilo lipo. Nimeuliza wenye bucha watatu, mwenye hoteli ya chapati na kijana wa smokie. Wote watano waliamini kwamba kibali cha kaunti ndicho ulinzi wa jina. Watu watano si utafiti, lakini sikupata wa kuwapinga.

Siku 60 ambazo hakuna anayezihesabu

Sheria yenyewe ni kongwe kuliko taifa. Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506, ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1957, ikiwa imeshonwa kwa kitambaa cha sheria ya Uingereza ya 1938. Anayetaka kusajili huchagua daraja la bidhaa yake katika orodha ya kimataifa. Nyama, maziwa na mafuta ya kupikia ni daraja la 29. Unga, mkate, asali, chai na viungo ni la 30, maji na juisi ni la 32, na hoteli inayouza chakula kilichopikwa ni la 43. Kwa hiyo mbuzi mmoja wa soko la Bisil, hapa Kajiado, anaweza kuangukia madaraja mawili, kwanza akiwa nyama kwenye pakiti, kisha akiwa choma kwenye ubao na kachumbari pembeni.

Msajili akiridhika, ombi hutangazwa katika jarida la taasisi hiyo, na kuanzia hapo mtu yeyote ana siku 60 za kuweka pingamizi. Zikipita kimya, cheti hutolewa kwa miaka 10, na kinaweza kufanywa upya kila baada ya miaka 10 mpaka mwisho wa dunia, mradi jina linatumika. Lisipotumika miaka 5 mfululizo, mtu anaweza kuomba lifutwe.

Siku hizo 60 zinaniudhi. Kisheria, nchi nzima imearifiwa. Lakini jarida hilo halisomwi kibandani. Husomwa na mawakili wa kampuni kubwa, wanaolipwa kulipekua kila toleo. Weetabix ya Uingereza ilipoona Manji Food Industries ya hapa Kenya inataka jina Multibix, ilijua mapema na ikaenda kuipinga, na ugomvi ukawa juu ya silabi moja ya mwisho na uzito wake sikioni mwa mnunuzi wa kiamshakinywa. Mama wa Noonkopir hakuwa na wa kumpekulia. Ombi la jina la ng'ombe wake lilitangazwa, siku 60 zikaja zikaenda, naye siku hizo zote alikuwa akichemsha maziwa.

Hata hivyo, sheria hiyo hiyo ina mlango mdogo wa nyuma. Ni kifungu cha 10.

Kifungu hicho kinasema, kwa maneno yangu, kwamba aliyesajili alama hana uwezo wa kumzuia mtu mwingine kutumia alama iyo hiyo, au inayokaribiana nayo, kwa bidhaa ambazo huyo mwingine amekuwa akiziuza kwa alama hiyo bila kukatiza, tangu kabla mwenye cheti hajaanza. Na kama biashara ilianzishwa na mama au nyanya yako ukairithi, miaka yao inahesabiwa kuwa yako. Hiyo ndiyo haki ya aliyetangulia kutumia.

Neno "kabla" linahitaji kutazamwa vizuri, maana hapo wengi huteleza. Sheria inatazama tarehe mbili za mwenye cheti, siku aliyoanza kulitumia jina sokoni na siku aliyolisajili, kisha inachukua iliyo ya mapema zaidi. Tuseme kampuni ilianza kuuza mwaka 2010 na ikasajili mwaka 2015. Aliyeanza mwaka 2008 amepona. Aliyeanza mwaka 2012 hajapona, hata kama alitangulia cheti kwa miaka 3, kwa sababu sokoni alikuta mwenzake. Sheria hailindi aliyewahi karatasi wala aliyepiga kelele kwanza. Inamlinda aliyetangulia kuuza, akaendelea kuuza.

Nilimweleza mama hayo, akafurahi kuliko nilivyotaka afurahi. Ikabidi nimweleze na upande wa pili.

Ngao isiyokua

Kifungu cha 10 ni ngao, si mkuki. Kinamruhusu mama aendelee, lakini hakimpi nguvu ya kuitoa pakiti ya kampuni kwenye rafu. Tena ngao yenyewe imekatwa kwa kipimo cha bidhaa yake. Ameuza maziwa lala, basi analindwa kwenye maziwa lala. Kesho akitaka kuoka mandazi na kuyauza kwa jina la ng'ombe, mandazi yatasimama nje ya ngao, juani. Na akifunga kibanda miaka kadhaa kisha arudi, atalazimika kueleza neno "bila kukatiza" mbele ya hakimu.

Kisa kinachoonyesha vizuri zaidi ngao hii ilivyo kwa aliyeishika kinatoka mji mdogo wa Mattoon, jimbo la Illinois, Marekani. Mwaka 1957 mume na mke, Gene na Betty Hoots, waliokuwa wakiuza aiskrimu, walifungua mkahawa wa baga wakauita Burger King. Miaka miwili baadaye wakalisajili jina hilo katika jimbo lao. Hawakumwibia mtu. Huko Florida, mbali kusini, kampuni iliyokuwa imeanza mwaka 1953 ilikuwa ikikua kwa jina hilo hilo. Mwaka 1961 ikafika Illinois, na mwaka huo huo ikapata usajili wa taifa zima. Familia ya Hoots ikaishtaki. Kesi ikapanda hadi mahakama ya rufaa, na mwaka 1968 hukumu ikatoka. Kampuni kubwa ilipewa Illinois yote, isipokuwa Mattoon. Hapo familia ikabaki na jina lake peke yake, na kampuni ikakatazwa kufungua mkahawa ndani ya maili 20, yaani kilomita 32 hivi, kuuzunguka mji.

Watu husimulia kisa hiki kama ushindi wa Daudi. Mimi nakisoma kama kisa cha uzio. Familia ile ilipewa duara, ikaambiwa ikae humo. Kampuni iliyobaki nje ya duara ikawa mojawapo ya majina makubwa kabisa ya baga duniani.

Chora duara la namna hiyo hapa kwetu, katikati yake ukiweka Noonkopir. Kaskazini litakufikisha jijini Nairobi. Kusini litaipita Isinya, lakini halitaufikia mji wa Kajiado. Mama angeweza kupeleka chupa zake Nairobi na asiweze kuzipeleka makao makuu ya kaunti inayomtoza kibali. Sheria ya Kenya haichori duara kwenye ramani, inafunga kwenye bidhaa na mfululizo wa matumizi, lakini hisia ni ile ile. Unalindwa ulivyokuwa, na Kitengela hakuna anayetaka kubaki alivyokuwa. Aliyekuwa na kibanda anataka duka, mwenye duka anataka rafu ya supamaketi, na supamaketi huuliza cheti. Siku mama atakapobisha hodi huko ndipo atakapogundua kwamba ngao yake ilishonwa kwa mwili wa zamani.

Wamarekani walikuwa wameanza kubishana juu ya mipaka hii ya aliyetangulia hata kabla ya baga, na ubishi wenyewe ulikuwa wa unga wa ngano. Kiwanda kimoja cha Ohio kilikuwa kikiuza unga wa Tea Rose tangu 1872. Kingine cha Illinois kilianza kutumia jina hilo mwaka 1885 bila kujua habari za mwenzake, kikalipeleka kusini, Alabama na majimbo jirani, ambako unga wa Ohio haukuwa umefika. Mwaka 1916 Mahakama ya Juu ilikataa hoja kwamba aliyetangulia Ohio ametangulia kila mahali. Jina la biashara, kwa mtazamo huo, huishi pale wanunuzi wanapolijua. Nje ya hapo ni neno tu.

India imeegemea zaidi upande wa aliyetangulia. Katika mji wa Tirunelveli, Tamil Nadu, kuna duka la haluwa linalojulikana kama Iruttukadai, maana yake duka la giza, kwa sababu miaka mingi liliangazwa na taa moja hafifu. Hata mtu wa Mombasa anayejivunia haluwa ya kwao angepanga foleni pale. Mfanyabiashara mwingine alipoanza kuuza haluwa kwa kulichomeka neno hilo katika jina lake, kesi ilipanda ngazi hadi Mahakama ya Juu ya India, ambayo mwezi Machi 2015 ilisema wazi kwamba haki ya aliyetangulia kulitumia jina kwa nia njema hushinda hata cheti cha usajili. Sheria yao na yetu ni watoto wa mama mmoja, ile sheria ya Kiingereza, kwa hiyo hoja za Tirunelveli si ngeni masikioni mwa hakimu wa Nairobi, ingawa hazimfungi.

Mkuki upo, ila uko kwingine. Sheria yetu, katika kifungu cha 5, inamnyima mwenye jina lisilosajiliwa kesi ya kuingiliwa alama, lakini inamwachia kesi ya kale ya kumzuia mtu asiuze bidhaa zake kana kwamba ni za mwenye jina hilo. Hapo unathibitisha mambo matatu, kwamba jina lako lina sifa kwa wanunuzi, kwamba mwenzako anawapotosha, na kwamba unaumia. Mfano unaopendwa na mawakili ni limau. Tangu 1956 maji ya limau ya Jif yaliuzwa Uingereza katika chupa ya plastiki yenye umbo la limau. Kampuni ya Borden ilipotaka kuleta limau lake la plastiki, Mabwana wa Bunge la Juu, waliokuwa mahakama ya mwisho wakati huo, waliizuia mwaka 1990. Lebo zilikuwa tofauti. Lakini mtu anayenyakua limau akitoka kazini hasomi lebo, anaona limau. Afrika Mashariki ilikuwa na kesi zake mapema zaidi, na kati ya zilizochapishwa mwaka 1971 kuna ya Brooke Bond Kenya dhidi ya kampuni iliyoitwa Chai Limited. Jina hilo la pili linanichekesha kila nikilisoma. Ni sawa na kufungua bucha ukaiita Nyama.

Kesi za namna hiyo ni ghali, nazo huhitaji mashahidi. Kuna njia ya tatu, isiyo na vita, na naona ndiyo inayomfaa mama zaidi. Kifungu cha 15 kinamruhusu msajili kuwakubali wawili wenye majina yanayofanana wakae pamoja daftarini, ikiwa wote waliyatumia kwa nia safi, akiweka masharti anayoona yanafaa. Mama anaweza kuomba, na mwenye cheti hana ruhusa ya kutumia cheti chake kumzuia ikiwa kweli alitangulia. Akifaulu, ngao inageuka cheti, na cheti kinaweza kuuzwa, kurithiwa, kukodishwa na kupelekwa supamaketi.

Msitu wa majina

Nisiseme kana kwamba wadogo wote ni mama na wakubwa wote ni fisi. Pita jioni upande wa stendi uhesabu vibanda vya chipsi na kuku vilivyopakwa nyekundu na manjano, vyenye majina yaliyobadilishwa herufi moja ili yafanane na mikahawa ya Nairobi. Hao hawakutangulia popote. Walitazama, wakapiga picha, wakaja na rangi. Sheria ikiwa laini mno kwa aliyetangulia, hawa nao watadai walitangulia, na katika mji ambao karibu kila mtu ni mgeni, nani atabisha? Ndiyo maana naunga mkono kuwepo kwa daftari. Ninalolalamikia ni jarida lisilofika.

Kuna maradhi mengine yanayowapata wakubwa, nayo hutokana na kupendwa mno. Mtume mtoto dukani akuletee Kimbo, atarudi na mafuta ya Kasuku, na hakuna nyumbani atakayeona ametumwa vibaya. Blue Band ni siagi yoyote ya manjano. Royco ni unga wowote wa kukoleza mchuzi. Kwa mpishi ni lugha, kwa mwenye jina ni hatari, maana alama ikishakuwa jina la kitu chenyewe inaanza kupoteza nguvu zake mbele ya sheria. Ndiyo maana kampuni hupenda kuongeza neno baada ya jina lao kwenye matangazo. Siyo madaha, ni mawakili.

Halafu yapo majina ambayo hayapaswi kuwa ya mtu. Sheria inakataa jina la mahali katika maana yake ya kawaida lisiwe alama ya mtu mmoja, isipokuwa limeshapata sifa ya kumtambulisha. Kwa hiyo nyama choma ya Kitengela itabaki ya kila mwenye jiko Kitengela, na hilo ni jema. Hapa Kajiado jina linalouma zaidi si la mahali, ni la watu. Neno Maasai limewekwa kwenye viatu, magari na nguo na kampuni za ng'ambo ambazo hazijawahi kukanyaga Bisil siku ya soko la mifugo, na viongozi wa jamii wamejaribu kujipanga kupitia Maasai Intellectual Property Initiative ili wanaolitumia waombe ruhusa na walipe. Kenya ilipitisha mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, na Sura ya 506 inaruhusu alama ya pamoja, ya ushirika wa watu badala ya kampuni moja. Ethiopia ilionyesha kwamba inawezekana katika chakula na kinywaji. Ilidai majina ya kahawa zake, Sidamo, Harrar na Yirgacheffe, ikabishana na wafanyabiashara wa kahawa wa Marekani, na mwaka 2007 ikafikia makubaliano na Starbucks.

Kule naoto, maziwa ya Kimaasai yanayogandia ndani ya kibuyu kilichosafishwa kwa kijinga cha oloirien, mzeituni wa porini, hayana mwanzilishi unayeweza kumpeleka mahakamani. Ukiuliza nani alitangulia kuyatumia, utajibiwa na nyanya wote wa Kajiado kwa pamoja. Kifungu cha 10 kiliandikwa kwa ajili ya mfanyabiashara mmoja na tarehe yake ya kuanza. Mbele ya kibuyu kinakosa pa kushika. Kama kuna jina la chakula ambalo kaunti hii ingepaswa kulikimbilia kabla mjanja mmoja hajalitia kwenye pakiti, ningeanzia hapo, na ningeanza kesho.

Bahasha ya kaki

Turudi kwa mama. Mwanawe alifanya upekuzi, akapata kwamba kampuni iliomba usajili mwaka 2014. Mama anasema alianza "wakati yule mdogo yuko darasa la pili", na sasa huyo mdogo ana ndevu. Simtilii shaka hata kidogo. Shaka ni kazi ya wakili wa upande wa pili, naye atataka kitu cha kushika mkononi.

Tukamwaga bahasha mezani. Kibali cha kaunti kinataja jina lake mama na namba ya kibanda. Leseni ya maziwa vivyo hivyo. Cheti cha jina la biashara kina jina la familia likifuatwa na neno "Enterprises", ambalo nadhani nusu ya Kenya inalo. Taarifa za M-Pesa zinaonyesha shilingi 60, shilingi 60, shilingi 120, siku baada ya siku, kutoka kwa watu ambao baadhi yao ni majirani zangu. Hazisemi walinunua nini. Risiti ya River Road ilikuwepo, imeandikwa "stika 1,000", bila kutaja stika za nini, na mwaka umefifia. Wachapishaji wa vichochoro vile hukuandikia unachowaambia waandike, na hakuna aliyemwambia mama kwamba aseme.

Mashahidi angewapata. Mwalimu mstaafu wa jirani alikunywa maziwa hayo miaka ile, na dereva wa matatu aliyezipeleka chupa za kwanza Athi River yupo hai. Viapo vyao vina uzito. Lakini mtu anapokumbuka mambo ya miaka mingi iliyopita, wakili mzuri atamuuliza alikula nini siku hiyo, na kumbukumbu itaanza kutoka jasho.

Kisha binti yake akakumbuka albamu. Humo kuna picha ya harusi ya mjomba, iliyopigwa uani, yenye zile tarakimu za rangi ya machungwa ambazo kamera za wakati ule zilichapa pembeni. Zinasema Desemba 2006. Mbele ya bibi harusi kuna meza, na mezani chupa sita za maziwa lala zimepangwa. Tano zimegeuzia stika ukutani. Ya sita inatazama kamera, na mjomba ameishika kwa furaha, kidole chake kimefunika mwanzo wa jina. Tuliisogeza picha dirishani, tukaazima miwani ya mwalimu, tukahesabu herufi zinazoonekana. Ni nne.

"Hizo nne zinatosha?" mama akauliza.

Binti alikuwa ameshatoka nje na simu, anampigia mjomba kumuuliza ni nani mwingine aliyekuja na kamera.